Beseni la Bibi Harusi

SEHEMU YA SABA

"Asitoke mtu! Kuna mali kwenye sakafu yangu!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, taa za ukumbi zimewashwa ghafla, na fimbo ya Mzee Isihaka Jaha imelala mlangoni kama kizuizi cha barabarani. Tusipoteze muda. Tuingie.

Kwenye shuka jeupe ukutani, bibi harusi alikuwa ameganda, mdomo nusu wazi. Chini yake, sakafuni, kulikuwa na beseni la bluu lililofunikwa kitenge, na kitenge kimevimba. Watu hamsini na kitu walikuwa wamelizunguka, wengine mikono bado iko juu kwa kucheza.

Pembeni, karibu na projekta, Tumpe alitamani ardhi ya Ipogolo ipasuke immeze.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: Tumpe ni binti wa Mwanjelwa, Mbeya. Ametengeneza filamu yake ya kwanza, *Bibi Harusi wa Iwambi*, kwa kamera ya kuazima na waigizaji waliolipwa wali. Mbeya hakuna aliyeitaka. Akaileta Iringa, kwenye ukumbi wa Mzee Isihaka hapa Ipogolo, jirani na barabara kuu.

Mkataba wao ni mfupi. Wiki ya kwanza, katika kila shilingi mia ya kiingilio, sitini ni za mwenye filamu na arobaini za mwenye ukumbi. Wiki ya pili, nusu kwa nusu. Wiki ya tatu mambo yanageuka: arobaini za filamu, sitini za ukumbi. Soda na bisi ni za Mzee siku zote.

"Ndiyo haki," Mzee Isihaka alimwambia siku ile ya kusaini. "Wiki ya kwanza watu wanakuja kwa sababu ya filamu yako. Wiki ya tatu wanakuja kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Na hapo pasipo pengine ni pangu."

Kisha, wino haujakauka, akabandika tangazo mlangoni: WIKI YA TATU, SODA BURE. Nusu ya Ipogolo ikasema basi, tutangoja soda.

Tumpe hakuwa na nafasi ya kungoja. Lutengano, mwenye ukumbi mkubwa pale Mwanjelwa, alikuwa amempa sharti kwa simu.

"Dada, niletee tiketi mia tatu za wiki ya kwanza, zilizogongwa muhuri wakati wa mapumziko. Aliyetoka kabla ya mapumziko simhesabu, huyo hakuipenda. Zikifika mia tatu, naionyesha hapa nyumbani kwenu. Ikipungua hata moja, kauze viazi na mama."

Mama yake Tumpe, ambaye kizimba chake cha viazi kiko mbele tu ya ukumbi huo, alikuwa ameshawaambia wateja wote kwamba filamu ya mwanawe inakuja. Alikuwa hata ameshona gauni.

Leo ni Jumamosi, saa tisa alasiri, onyesho la mwisho la wiki ya kwanza. Jioni ni ya mpira. Tiketi zilizouzwa: mia mbili themanini na nane.

Na ndipo bibi harusi akatunzwa.

Ukitaka ukweli, kosa lilikuwa la Tumpe. Siku ya kupiga picha ya harusi alimwambia mshereheshaji aitazame kamera. Basi mshereheshaji yule, mkubwa kama nyumba juu ya shuka, aliwatazama watu wa Ipogolo machoni na kusema: "Wenye kumtunza binti yetu wapite mbele, wasione haya!"

Nani angebaki amekaa?

Mama Yudith, mkulima wa nyanya kutoka Kalenga, aliinuka wa kwanza. Akapiga vigelegele, akafungua fundo la kitenge, akaenda mbele kwa madaha. Nyuma yake mstari ukajipanga wenyewe. Mtu akaleta beseni. Mwingine akaomba kalamu, na Tumpe ndiye aliyeitoa, akaiona ikipita mkono hadi mkono. Mwishoni beseni likafunikwa kama desturi inavyotaka, asijulikane aliyetoa kikubwa wala aliyetoa kidogo.

Wakawa wamemtunza bibi harusi aliye ukutani.

"Haya," Mzee Isihaka alisema, akisogea katikati ya ukumbi. "Mali hii ni ya nani?"

"Ya bibi harusi," akajibu Mama Yudith.

"Bibi harusi yuko wapi?"

Vidole hamsini vikanyooka ukutani.

"Mama, hicho ni kivuli. Kivuli hakina mfuko."

"Anao, Mzee. Gauni lake lina mifuko miwili. Mimi hii mara ya tatu naiangalia, namjua kuliko wewe."

Watu wakacheka. Mzee akamgeukia Tumpe.

"Binti, mkataba unasema nini?"

"Unasema kiingilio, Mzee. Na soda na bisi ni zako."

"Hiki ni kiingilio?"

"Hapana."

"Ni bisi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi kiko nje ya mkataba. Na kilicho nje ya mkataba kiko juu ya sakafu yangu, ndani ya beseni langu. Hilo ni la kuoshea vikombe vyangu vya chai."

"Lakini wametunza kwa sababu ya filamu," Tumpe akasema kwa sauti ndogo. "Angalau tugawane, Mzee. Sitini kwa arobaini."

Fimbo ikagonga sakafu mara mbili. *Ko. Ko.*

"Hapana."

Ipogolo nzima inaujua mlio huo wa fimbo. Tumpe anaujua zaidi. Mwaka jana, filamu ikiwa bado kwenye daftari, alikuja kuomba ahadi ya ukumbi huu mara tatu, na mara tatu fimbo ilimjibu kabla mdomo wa mwenyewe haujafunguka.

Kutoka nyuma ya projekta mtu akakohoa. Alikuwa Adamu, mtoto wa Mzee, kijana mpole anayeongoza mitambo. Wiki nzima amekuwa akimletea Tumpe chai yenye tangawizi nyingi kuliko mahitaji.

"Baba, watu wamelipa kuona filamu."

"Nyamaza, washa feni."

Adamu akawasha feni.

Tumpe akalitazama beseni. Akakumbuka kitu. Kalamu yake. Ilizunguka safu nzima na haijarudi mpaka sasa.

Akapiga hatua moja mbele.

"Mzee, chukua lote."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Chukua beseni na kila kilichomo. Sitadai hata senti. Ila sitini kwa arobaini ibaki hivyohivyo wiki zote tatu."

Mzee Isihaka akalizunguka beseni. Akalipima kwa macho. Akaligusa kwa ncha ya fimbo, nalo halikusogea, maana lilikuwa limejaa kwelikweli.

"Lakini funua kwanza uone," Tumpe akaongeza haraka. Hakutaka kesho aitwe mjanja.

"Nifunue mbele ya hawa wote? Ili kesho mtaa mzima uje kunichangisha?" Mzee akamcheka kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Biashara bado hujaijua, binti. Adamu! Karatasi!"

Karatasi haikupatikana. Wakabandua tangazo la soda bure na kuandika nyuma yake: *Beseni na vyote vilivyomo ni vya Isihaka Jaha. Kiingilio ni sitini kwa filamu na arobaini kwa ukumbi, wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu.* Mzee akasaini. Tumpe akasaini. Mama Yudith akasaini kama shahidi, polepole, akiutoa ulimi nje kwa bidii.

Hakuna aliyekumbuka kwamba soda bure imebanduka mlangoni. Isipokuwa Adamu, aliyeinama kuficha kicheko, akafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Mzee akabeba beseni hadi kwenye meza ya tiketi. Akawapa watu mgongo. Akanyanyua pembe ya kitenge.

Akaishusha, akainyanyua tena.

"Mzee," Mama Yudith akaita, "ni nyingi kiasi hicho?"

Mzee akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Akatoa kingine. Akachota kwa viganja viwili, vikaratasi vikamwagika mezani.

Msomaji wa Iringa ameshaelewa na anacheka. Kwa wengine niseme tu: hapa mtu akimpenda bibi harusi na mfukoni hana kitu, haoni aibu. Anaandika ahadi.

"'Mama Yudith,'" Mzee akasoma, "'debe moja la nyanya, mvua zikinyesha vizuri.'" Akafungua cha pili. "'Silvester wa Kalenga, jogoo mmoja, akikua.' Akikua! Sasa hivi yuko wapi?"

"Bado yai," sauti ikajibu kutoka nyuma.

"'Gideoni, kumchimbia bibi harusi shimo la choo, siku mbili.' 'Mama Faustina, kumsuka mara nne.'" Mzee akavua kofia, akapapasa upara wake, akaivaa tena. Akafungua kingine, akafumba macho. "'Ndoo moja ya ulanzi.' Astaghafirullahi! Nani kaniletea pombe?"

"Si wewe, Mzee, ni bibi harusi!"

"Bibi harusi ni mimi! Nimesaini!"

Hapo, msomaji, hata feni ilionekana kucheka.

Pesa taslimu zilikuwemo pia: noti nne za elfu moja na sarafu tatu.

"Mmenitapeli," Mzee Isihaka akasema.

"Binti alikwambia funua," Mama Yudith akamjibu. "Na usiwe na wasiwasi, baba, ahadi zetu zote tutazitimiza. Ila hatupeleki. Aliyetunzwa ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuchukua. Utakuja Kalenga, utakaribishwa chai kila mlango. Lakini kwanza, aliyetunzwa anacheza."

"Anacheza nini?"

"Acheze!" ukumbi ukapokea. "Acheze! Acheze!"

Fimbo ikapanda juu ili igonge mara mbili. Haikushuka. Mama Yudith alikuwa ameshaichukua, na kwa mkono wa pili alikuwa anamfunga Mzee kitenge kiunoni.

Mzee Isihaka Jaha alicheza hatua tatu. Mbili mbele, moja upande. Watu wanaomjua wanasema hakuwahi kucheza hata kwenye harusi yake mwenyewe.

Vigelegele vikavuka barabara kuu. Fundi baiskeli akaacha gurudumu linazunguka. Abiria waliokuwa wakingoja basi wakasogea. Na mlangoni, Adamu mpole, Adamu wa chai ya tangawizi, alikuwa na kitabu cha tiketi mkononi:

"Elfu mbili, elfu mbili! Baba anacheza, na filamu inaanza upya! Elfu mbili!"

Watu kumi na mmoja wakaingia.

Tumpe akahesabu vishina vya tiketi kwa kidole. Akahesabu tena, akianzia nyuma. Mia mbili tisini na tisa.

Adamu akatoka hadi ukingo wa barabara. Akarudi peke yake. Bila kusema neno akatoa elfu mbili mfukoni mwake na kuziweka mezani.

"Hapana," Tumpe akasema. "Wewe unalipwa kuiangalia. Nitamwambiaje Lutengano?"

"Usimwambie."

"Nitakuwa nimejiambia mwenyewe."

Adamu akachukua pesa zake taratibu. Ndani watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi ya kudai filamu, na waliitaka ianze mwanzo, maana walikatishwa. Tumpe akamwona mawazoni mama yake ndani ya gauni jipya, amesimama mbele ya ukumbi wa Lutengano, mlango umefungwa.

Tiketi moja tu.

"Tumpe. Njoo hapa."

Ilikuwa sauti ya Mzee Isihaka. Tangu wafahamiane, hakuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa ameshika kikaratasi cha mwisho, kile kilichokuwa chini kabisa ya beseni. Alikisoma midomo ikicheza. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge kilichokuwa bado kiunoni, akasoma tena. Kisha akamsogezea.

Herufi zilikuwa kubwa, zimesimama wima, sawasawa na zile za SODA BURE.

*Mimi Adamu Isihaka naahidi ng'ombe wanne. Si kwa bibi harusi wa kwenye shuka. Ni kwa aliyemtengeneza, kama atakubali.*

Masikio ya Tumpe yakashika moto.

"Umesoma?"

"Nimesoma, Mzee."

"Ng'ombe!" Mzee akanong'ona kwa ukali. "Sisi ni watu wa duka. Tangu lini katika ukoo wangu mtu akashika hata mkia wa ng'ombe?"

"Kwetu mahari ni ng'ombe," Tumpe akasema akitazama viatu vyake. "Sijui amejulia wapi."

"Imo kwenye filamu?"

"Imo."

"Kwa hiyo filamu yako inamfundisha mwanangu kugawa mifugo nisiyokuwa nayo. Na wewe unasemaje?"

"Mimi... bado sijaulizwa, Mzee. Nimepewa nisome tu."

"Msikiti utaniuliza. Kanisa lenu litakuuliza. Na mama yako je?"

"Mama ameshashona gauni," Tumpe akajibu kabla ya kufikiri. "La filamu, Mzee! Gauni la filamu!"

Mzee Isihaka akageuka upande, mabega yakatikisika kidogo. Alipogeuka tena uso ulikuwa umekauka kama kawaida.

"Ahadi hii ilikuwa ndani ya beseni. Beseni ni langu, nimesaini. Kwa hiyo mimi ndiye wa kuipokea au kuichana."

Tumpe akamrudishia kikaratasi.

"Ila leo nimeshanunua kitu kimoja bila kukifunua, kinatosha. Siku saba mwanangu anaangalia kitu chako kwenye ukuta wangu, mimi naangalia mlango. Kila siku, dakika nne tu baada ya kuanza, nasikia watu wanavunjika mbavu. Nikikuuliza wanacheka nini, unasema kuna mzee mmoja mchekeshaji. Ina nini filamu hiyo?"

"Hujaiona hata kipande?"

"Ningeiona, nani angeangalia mlango?"

Tumpe akavitazama vishina vya tiketi. Akamtazama Mzee. Si msichana wa kuinua sauti, na hata sasa hakuinua.

"Kiingilio elfu mbili, Mzee."

"Ndani ya ukumbi wangu?"

"Ndani ya ukumbi wako. Katika kila mia, arobaini zitarudi kwako."

Akangoja fimbo igonge. Mama Yudith alikuwa ameshairudisha, iko palepale mkononi mwa mwenyewe. Haikugonga.

Mzee akaingiza mkono ndani ya beseni, akatoa noti mbili za elfu moja, akazinyoosha juu ya meza. Adamu akakata tiketi namba mia tatu. Kwa haraka akaichana kidogo pembeni.

"Nikiipenda," Mzee akasema, akikunja ile ahadi na kuiweka mfuko wa shati, "tutazungumza habari za ng'ombe. Nisipoipenda, natoka, na karatasi hii naichana palepale mlangoni."

Akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti.

"Anza mwanzo!"

Taa zikazimwa. Muhuri ni wakati wa mapumziko, saa moja kutoka sasa. Saa moja tu mzee huyu akae kitini, na filamu iende Mwanjelwa, na mama avae gauni. Tumpe akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Jumapili.

Gizani, karibu na sikio lake, sauti ikauliza:

"Ameisoma?"

"Ameisoma."

"Na wewe?"

"Nyamaza," Tumpe akasema. "Washa feni."

Alisikia Adamu akitabasamu. Usiniulize mtu anasikiaje tabasamu, muulize Tumpe.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Na hapo ndipo Tumpe alipokumbuka.

Dakika ya nne!

Mwaka jana, baada ya fimbo kumkatalia mara ya tatu, alikaa dirishani kwenye basi la kurudi Mbeya, akatoa daftari, na kwa hasira akaandika mtu mpya katika hadithi yake: baba mkwe bahili. Akampa kofia ya kudariziwa. Akampa miwani. Akampa tabia ya kupima soda za wageni kwa kalamu, asije mtu akanywa zaidi ya mstari. Watu wa Ipogolo walimtambua tangu siku ya kwanza, wote, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anaangalia mlango.

"Adamu," akanong'ona, "zima!"

"Nizime tena?"

Alikuwa amechelewa. Baba mkwe akaingia kwenye shuka, kofia ileile, miwani ileile, kalamu mkononi na chupa ya soda mbele yake.

Leo hakucheka mtu. Mama Yudith alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili. Watu sitini hawakuwa wanalitazama shuka, walikuwa wanakitazama kiti cha mbele.

*Ko. Ko.*

"Hapana," akasema mzee wa ukutani.

Katika kiti cha mbele, fimbo nyingine iliinuka kutoka sakafuni, ikabaki hewani. Na mkono mwingine, taratibu sana, ukaanza kuingia kwenye mfuko wa shati.